Mama, Wakikuuliza Kuhusu Mkwe

Nyumba za walimu,
Nkololo.
Jumanne mchana.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Mwanao Dorkasi nakusalimu sana, na naomba salamu hizi zikukute umekaa kwenye kigoda chako na kikombe cha chai mkononi, si mwaloni na ndoo ya samaki kichwani. Goti linaendeleaje tangu mvua zikatike? Na mdogo wangu Evalina hajambo? Najua ni yeye anayekusomea. Evalina, kabla hujaendelea, funga mlango. Soma polepole, usiruke mstari, na ukifika penye kutisha usianze kulia, maana mama atataka kusikia yaliyo mbele na wewe utakuwa huna sauti.

Mimi ni mzima wa mwili. Nimeanza na hilo makusudi, mama, ili usishike kichwa. Lakini hofu niliyo nayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. 

Niseme kabisa kwa nini nakuandikia. Alhamisi wazee wawili wa huku watapanda gari kuja Lamadi kukutafuta. Watakuuliza habari za mtu mmoja. Utakachowajibu ndicho kitakachoamua kama mtu huyo atatoka hai kijijini hapa siku ya Jumamosi, na kama mimi mwanao nitatoka naye. Ningekupigia, lakini simu yangu iko kwa sungusungu wanaolinda kijiji. Mlangoni kwangu wamekaa vijana wao wawili na marungu, na siruhusiwi kuvuka uwanja wa shule. Mkuu wa shule yuko semina Bariadi, na walimu wenzangu wananipungia mkono kwa mbali kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Barua hii nampa Benedikta, yule mama wa dagaa anayeshukia hapo kwako kila wiki. Hao vijana wanakula dagaa wake kwa mkopo, hawathubutu kumpekua.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Unajua nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza. Mwezi huu tumefika mahali panapowatesa sana watoto, vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na neno dogo nyuma. Nikueleze kidogo, maana balaa lote limeanzia hapo. Mwingereza akisema give, ametoa. Akisema give back, amerudisha. Akisema give up, amekata tamaa, na hapo hakuna kitu kilichotoka mkononi wala kilichorudi. Look ni kutazama, lakini look for ni kutafuta, na look after ni kutunza, kama ulivyotutunza sisi. Watoto wananiuliza, madam, hilo neno dogo linapata wapi nguvu ya kugeuza mambo namna hiyo? Nawaambia walishike hivyo hivyo pamoja na mwenzake.

Kitabuni maneno haya yamepangwa tu kama magunia ghalani, hayaingii kichwani. Nikaona afadhali tuyaigize kwa mambo ya nyumbani. My mother gets up early. Mmoja analala chini, anaamka. She puts on her kanga. Anajifunga. She goes out to look for firewood. Anatoka, anainama, anaokota. Mama, walicheka, na wakashika! Kuna mtoto anaitwa Mayala ambaye tangu Januari hajafungua mdomo kwa Kiingereza. Wiki ile nilimsikia akirudisha ng'ombe wa baba yake jioni, akiwaambia come back, akiwaambia go away, na ng'ombe wanatii. Nikajiona mwalimu kweli kweli. Nikavimba kichwa.

Ijumaa iliyopita darasani kulikuwa na joto la kukaanga mayai, nikawatoa nje chini ya ukuta wa stoo. Ubaoni nilikuwa nimeandika kisa cha sentensi nne. A thief breaks into a house. The mother calls out. The neighbours run after him. He does not get away. Yaani mwizi anavunja nyumba, mama anapiga yowe, majirani wanamkimbiza, naye hafanikiwi kuponyoka. Mwizi alikuwa Mayala. Mama alikuwa Martha, msichana mwenye akili nyingi, mjukuu wa mzee Mayige. Mzee huyo ndiye kamanda wa sungusungu, utamsikia tena mbele.

Mayala akavunja nyumba vizuri, wakacheka. Zamu ya Martha ikafika. Nikamwambia, haya, call out. Akasema kwa sauti ya chini kama anaungama. Nikamwambia, paza, mwizi kaingia ndani! Nikaona darasa zima wanaangalia chini. Mimi nikadhani ni aibu za watoto. Nikasema, ngojeni niwaonyeshe inavyofanywa. Nikaweka mkono mdomoni, mama, nikapiga yowe kwa nguvu zangu zote, lile la kutikisatikisa kiganja, lile lile tunalopiga mwaloni mtumbwi ukiingia na mzigo mkubwa.

Kwetu hapo mtu akipiga yowe nani hugeuka? Watu wanapiga kelele tangu alfajiri. Huku si hivyo. Huku yowe lina jina lake, wanaita mwano, na mwano haupigwi kwa mchezo hata na mtoto wa miaka mitatu. Anayeusikia lazima aupokee, apige wa kwake ili wa mbali asikie, kisha aache alichokishika akimbilie ulikotokea. Asiyekimbia anatozwa. Anayeupiga bure anatozwa ng'ombe na kutengwa, haamkiwi, hauziwi hata chumvi. Watoto wote walilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kumkataza mwalimu.

Sijashusha mkono, nikasikia mwingine ukijibu kutoka shamba la pamba. Kisha wa pili, upande wa mtoni. Kisha filimbi. Martha akaanza kulia. Nikamuuliza kuna nini, akaniambia kwa Kisukuma, akasahau kabisa kwamba ni kipindi cha Kiingereza, kwamba watu wanakuja. Ni msimu wa kuvuna pamba, kila mtu yuko shambani. Waliibuka kutoka kila upande, wanaume kwa wanawake, marungu, mapanga, wengine bado wana mifuko ya pamba mabegani, wanakimbia bila kusema neno. Afadhali wangepiga kelele.

Nilikimbia kuwapokea huku nanyoosha mikono, nasema hakuna kitu, ni somo, rudini jamani. Nani alinisikiliza? Walishamwona mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa anapita njiani kwa baiskeli, na mzigo nyuma. Alipoona watu wale wote wanamjia na silaha, akafanya jambo ambalo hata mimi ningefanya. Akatupa baiskeli, akakimbia. Hapo ndipo alipojimaliza, maana mwano ukilia, anayekimbia kwenda upande mwingine ndiye mwizi, hautafutwi ushahidi mwingine. Walimdaka katikati ya pamba. Sentensi zangu zikatokea zote kama nilivyoziandika ubaoni, kasoro mwizi.

Nilipofika walikuwa wamemlaza kifudifudi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaa vibaya, nikajua umevunjika. Wakafungua mzigo. Ndani mlikuwa na kamba, mama. Kamba mpya za kufungia ng'ombe, bunda zima. Na mwezi uliopita kijijini hapa waliibiwa maksai wanne. Ukaanza mnong'ono, ukapanda, mpaka mwanamke mmoja aliyefiwa na mumewe akawa anapiga kelele kwamba ndiye, ndiye huyu aliyemaliza zizi langu. Wakamfunga kwa kamba zake mwenyewe.

Mzee Mayige akauliza nani kapiga mwano. Nikasema ni mimi. Akauliza, kaiba nini? Nikasema hajaiba kitu, nilikuwa nafundisha. Nikaeleza habari ya call out pale pale, kama mwendawazimu, mbele ya watu wenye mapanga. Walinitazama kama napiga porojo. Mmoja akasema mwalimu ameogopa, anamwonea huruma. Mwingine akasema labda wanashirikiana. Nikamwona kijana anatoka kwenye pikipiki yake na dumu dogo mkononi. Petroli, mama. Harufu yake naisikia mpaka leo.

Yule mtu hakuwa analia. Alikuwa amelaza shavu kwenye udongo, ananiangalia mimi. Kati ya watu wote wale alinichagua mimi kuniangalia, na mimi ndiye niliyemwitia mauti kwa mkono wangu.

Nikasema, "Huyo ni mume wangu."

Yule wa dumu akasimama. Mzee Mayige akanisogelea. Akaniuliza jina la mume wangu ni nani. Sijui nilipata wapi, nikajibu kwamba kwetu ziwani mke hatamki jina la mumewe mbele ya wazee, ni kukosa adabu. Wanawake wawili watatu wakaitikia kwamba kweli, hata kwao walikuwepo mabibi wa namna hiyo. Mzee hakuridhika. Akainama kwa yule aliyefungwa, akamuuliza na yeye, mke wako anaitwa nani?

Mama, nilifumba macho.

Yule mtu akatema damu, akasema, "Mimi humwita Mwalimu."

Ndivyo alivyopona Ijumaa. Wakamfungua, wakamleta kwangu, mganga wa zahanati akamfunga mkono na vipande vya mbao. Lakini mzee Mayige si mtu wa kudanganywa mara moja akaenda kulala. Alimuuliza yeye jina lake pembeni, kisha akaniuliza mimi mengine mawili matatu, kwetu wapi, mama yangu anaitwa nani, anafanya kazi gani. Nikasema ukweli, Lamadi, mama Dorkasi wa samaki, kila mtu anamjua. Kisha akachukua simu zetu zote mbili, akaweka walinzi, akasema shauri litasikilizwa Jumamosi mbele ya kijiji. Kama ni mkwe wa watu kapigwa kwa makosa, wataomba radhi kwa mbuzi, na mimi nitalipa ng'ombe wangu wa mwano wa bure, yaishe. Kama si mume wangu, basi nimemficha mwizi, na tutahukumiwa pamoja. Hakusema watajuaje. Nilikaa siku tatu najidanganya kwamba wataniamini tu.

Jana jioni Martha aliniletea maji. Walinzi wamekatazwa kuturuhusu kuzungumza, wakasimama naye mlangoni. Yeye akatoa daftari, akawaambia kwa heshima kwamba lazima asome zoezi mbele ya mwalimu, la sivyo atapata sifuri. Wakamruhusu. Akafungua daftari, na niliona kwa macho yangu, ukurasa ulikuwa mtupu. Akasoma, "Two old men set off on Thursday. They look for your mother. They find out about husband. If they find out no, you do not get away."

Walinzi wakatikisa kichwa, mmoja akamsifu kwamba mtoto huyu ana bidii. Kwako wewe mama nitafsiri. Wazee wawili wanaondoka Alhamisi, wanamtafuta mama yako, watachunguza habari ya mume, na wakigundua hapana, huponyoki. Alikuwa ameyasikia kwa babu yake wakati wa kula. Nilimwambia good, Martha, sit down, kwa sababu ndilo neno lililonijia, na yeye hakuwa na pa kukaa. Akaenda zake. Nikakaa mimi, chini.

Najua mpaka hapa umeshakasirika, mama. Unasema, Dorkasi ameolewa bila kuniambia, mimi niliyembeba, mpaka nisikie kwa barua. Evalina naye ameshaanza kuniuliza maswali moyoni, huyo shemeji yukoje, mrefu au mfupi. Sasa nisikilizeni vizuri, na kama kuna mtu mwingine ameingia chumbani, Evalina, nyamaza kwanza mpaka atoke.

Sikuwahi kumwona mtu huyu maisha yangu yote. Nilimwona usoni kwa mara ya kwanza akiwa amelala kwenye pamba, mkono umevunjika. Jina lake nililijua jioni ile, mlango ulipofungwa, nilipomuuliza kwa kunong'ona wewe ni nani, naye akaniuliza kwa kunong'ona na wewe je. Anaitwa Method. Ni mtu wa Ipililo kule Maswa, anasokota kamba za katani na kuziuza minadani. Ana mke anaitwa Esteria na mtoto anayeanza kutembea. Analala kwenye mkeka upande wake wa chumba, mimi nalala upande wangu, na anaugulia mkono wake kimyakimya ili walinzi wasisikie. Kwao hawajui aliko. Hivyo mama, usinifikirie vibaya. Ni mtu mwema, ananiita dada, na kila akisahau akataka kuniita hivyo kwa sauti namziba mdomo.

Nimefikiria kusema ukweli. Nimeufikiria mpaka kichwa kinauma. Lakini ukweli niliusema Ijumaa, mama, niliusema wa kwanza kabisa, na ndio ulioleta dumu.

Sasa hofu yangu kubwa nikuambie. Simwogopi mzee Mayige kama ninavyokuogopa wewe. Wewe ndiye uliyenichapa nikiwa darasa la pili kwa kusema sijala sangara wa mteja, na mwiba ukiwa bado mdomoni. Wewe ndiye ulimrudishia yule Mhindi samaki aliokuzidishia kwenye ndoo kwa kukosea, ukatembea na jua lote. Kwaya nzima inakujua kwamba midomo yako haijui uongo. Watakuja watu wazima wawili na kofia zao mikononi, watakuamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, watakuuliza kwa upole kama unamfahamu mume wa binti yako, na wewe kwa uzuri wako wote utafungua mdomo useme, binti yangu hajaolewa. Utatuua kwa kusema kweli. Nimekuona ukisema hivyo kichwani mwangu usiku kucha.

Kwa hiyo sikuombi useme uongo. Nimelikalia hili asubuhi yote, nikaona kuna namna.

Wakifika wakaribishe. Wapikie sato mbichi, usiwape wa jana. Usiwaache waulize kwanza. Wakishanawa tu, kabla hawajashika ugali, uliza wewe, "Huyo Method mkono wake unaendeleaje?" Mtu aliyevunjika mkono anaulizwa hali hata na asiye ndugu, hakuna dhambi hapo. Wakisikia umelitaja jina mwenyewe, na mkono unaujua, wataangaliana.

Halafu wataingia kwenye mahari, maana kwa watu wa huku ndoa haiulizwi kwa cheti, inaulizwa kwa ng'ombe. Watataka kujua ametoa wangapi. Hapo mama, kasirika. Kasirika kama unavyokasirika mteja akishika samaki wote na asinunue. Waambie, "Huyo? Mimi hajaniletea hata ndama. Hata kuku wa kunisalimia sijamwona!" Sema kwa uchungu, wapigie na makofi ya mikono. Hakuna mzee wa Kisukuma atakayesikia mama mkwe analalamika hivyo akabaki na shaka kwamba ana mkwe. Watakupa pole, watakuahidi kwenda kumkanya.

Na hapo ndipo patakapotuokoa, mama. Kwa maana ni kweli tupu, mbele ya Mungu na kwaya yote. Hajakuletea hata ndama.

Nisalimie mama mdogo na majirani wote wa upande wa kisima, ila usiwaambie lolote. Evalina, ukimaliza kusoma choma barua hii jikoni, usiiweke chini ya godoro kama unavyoweka vitu vyako. Mkichelewa kusikia habari zangu baada ya Jumamosi, msije huku. Nendeni Ipililo, mumtafute Esteria, mumwambie mumewe hakuiba kitu.

Benedikta ameshaita nje, anajifanya anadai hela ya dagaa. Method amesikia naandika, ameniomba nikupe shikamoo. Nimemuuliza niandike kwa jina gani. Akafikiria, akasema, andika mkwe, azoee.

Mimi mwanao anayekupenda,
na anayeogopa sana,

Dorkasi